Dawa Kwenye Chai ya Mume Wangu

Mume wangu hujipikia chai. Ako na jiko lake, sufuria yake, na kikombe anachokiosha mwenyewe na kukifungia kwa kabati. Mwaka wa tano huu. Wageni wakija kwetu Kitengela huniambia, "Haki umebarikiwa, mwanaume anaingia jikoni!" Niwaambie nini?

Zamani alikuwa mlevi, na sitamficha. Akitoka kazini ni baa kwanza. Jumamosi moja mvua ikinyesha, watu wa boda walimtoa kwa mtaro akiwa nusu mfu. Nikasema ng'o, huyu sitamzika hivi. Nikaenda soko la Kajiado, mama mmoja muuza mitishamba akanipa unga wa mzizi: weka kidogo kwa chai ya asubuhi, akigusa pombe atatapika mpaka aichukie. Nilimwomba mume wangu ruhusa? Wapi! Nilikoroga nikampelekea, tena nikitabasamu.

Alitapika, wueh! Siku moja alilia sakafuni akinishika miguu, akisema anakufa, nimwombee. Nilimpangusa uso, nikanyamaza. Hapo ndipo panaponiuma. Pombe ikamshinda, akaacha, akaokoka, wakamfanya mzee wa kanisa. Alikuwa akisimama kutoa ushuhuda jinsi Mungu alivyomgusa tumbo.

Jumapili moja tukila, watoto wakiwa nje, nikamwambia habari ya ule unga. Nilidhani tutacheka, jamani.

Aliweka kijiko chini. "Mama watoto, nilikushika miguu nikijua nakufa. Wewe ulikuwa unajua ni nini?"

"Nilijua. Lakini si ulipona?"

Hakunipigia kelele, na heri angepiga. Kesho yake akanunua jiko. Ushuhuda aliacha kutoa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Pombe hajarudia hata tone. Watoto wako na baba anayewasaidia na kazi ya shule. Dada yangu husema nisijilaumu, dawa ya moto ni moto. Sawa, lakini si yeye anayepika ugali na kuula peke yake, mume akiwa chumba cha pili anakula mkate. Ukiniuliza kama ningerudia, ningerudia. Singemwacha afe. Lakini upweke huu, Mungu wangu, sikujua unaweza kuishi na mtu nyumba moja ukamkosa namna hii.

Juzi homa ilinilaza, sikuweza kuinuka. Akaniletea uji. Kwetu Ukambani mwenyeji akimpa mgeni kinywaji huonja kwanza, mgeni ajue hana nia mbaya naye. Mke na mume hawafanyiani hivyo. Yeye alisimama kando ya kitanda, akapiga mafunda mawili, akangoja nione amemeza, ndipo akanipa kikombe.

"Kunywa," akasema. "Hakuna kitu ndani."

"Najua," nikamjibu. Nikaona aibu, kwa sababu mimi naweza kumwambia "najua", na yeye, nikimpa kikombe, hawezi kuniambia hivyo.