Sauti ya Asmahani Barazani

Mtu asiniambie nipunguze jazba. Nimeshaambiwa na watu wa kutosha, na karibu wote ni wale waliokaa kimya barazani siku ile.

Dada yangu Asmahani anashona sare za shule hapa Nguvumali. Si mtu wa maneno mengi. Ukimkera, anakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, basi. Mumewe, Rahimu, alikuwa fundi ujenzi, na kazi ikimweka Mkwaja wiki hadi wiki. Kwa hiyo ndoa yao ilikuwa kwenye simu. Walitumiana sauti mchana kutwa. Humo waligombana, wakataniana, wakamlea binti yao Shadya. Ya mke na mume hayo, na mwenye haya hayaulizi.

Rahimu alifariki ghafla. Wanawake tukajaa ndani, wanaume barazani. Maiti haijaoshwa, mdogo wake marehemu, Suleimani, akabisha mlango wa chumbani. "Shemeji, tupe simu ya kaka na namba yake ya siri, tuwape watu habari." Asmahani akampa simu, na namba akaitaja huku analia. Angekataaje? Kwetu mfiwa akiombwa kitu msibani hutoa, hata funguo za kabati.

Simu haikurudi ndani. Asmahani akakaa eda, chumbani, hata dirisha halifungui. Ilipofika arobaini, nguo za marehemu zikagawiwa kama ilivyo ada: kanzu kwa huyu, koti kwa yule. Nikauliza, simu je? Suleimani akanijibu bila kupepesa macho, "Hiyo nimeichukua mimi, iwe kumbukumbu ya kaka."

Kumbukumbu! Kumbukumbu ya mtu ni kofia yake. Simu ina mke wa mtu ndani yake.

Baada ya khitma akaomba wazee wa ukoo wasiondoke, ana jambo. Shekhe Ayubu, aliyetusomea khitma, akabaki. Bi Mwanasiti naye akabaki, mavyaa wa dada yangu, mama mzazi wa Rahimu. Sisi tukakaa nyuma ya pazia la mlango, Asmahani na mimi, tukisikiliza. Jambo lenyewe lilikuwa Shadya. Suleimani ana nyumba nzuri Usagara, ana gari, na mkewe hajajaliwa mtoto. Alitaka wazee wapitishe kwamba Shadya ahamie kwake.

"Mtoto ni damu yetu," akasema. "Na mama yake hamtaki. Sisemi mimi. Kasema mwenyewe."

Akabonyeza simu. Sauti ya dada yangu ikajaa baraza: "Nimechoka, Rahimu! Nimechoka na huyu mtoto wako! Njoo umchukue umpeleke kwa mama yako, la sivyo namwacha hapahapa kitandani naondoka zangu!"

Mwanamke yuko edani, mwanamume wa kando hata kivuli chake haoni, na wanaume wote wale wameketi wanaisikiliza sauti yake ya chumbani kama taarifa ya habari. Hakuna aliyemwambia azime. Hakuna! Mmoja alikuwa anatikisa kichwa kumsikitikia Suleimani. Nikainuka nikamrarue, Asmahani akanivuta gauni nikakaa.

Akaingiza mkono chini ya mto akatoa simu yake mwenyewe. Sauti za mumewe zilikuwa humo, na tangu mazishi alikuwa hajathubutu kuzigusa.

"Shemeji," akasema pale pale nyuma ya pazia, "mbona umeishia hapo? Inayofuata umeiona."

"Yatosha, shemeji. Yamesikika."

"Hayatoshi," akasema Shekhe Ayubu. "Mwache."

Dada yangu akabonyeza, na Rahimu akazungumza nyumbani kwake.

"Pole, mama Shadya. Siku tatu hujalala na mtoto anachemka homa, hata mimi ningesema hayo. Nimempigia Suleimani aje na gari awapeleke hospitali, hapokei. Nimerudia, kazima simu. Wewe huwezi kumwacha Shadya, nakujua. Natoka Mkwaja sasa hivi."

Bi Mwanasiti akapiga ukelele, "Mwanangu!" Alipoinuka hakwenda kwa Suleimani. Alipita pazia akaja akakaa nasi chini, akamshika Asmahani mguu, akalia.

Shekhe akanyoosha mkono. "Lete simu. Ni mali ya marehemu, na mirathi haijafunguliwa. Nani kakugawia? Na siri za mtu na mkewe ulizifungua kwa ruhusa ya nani?"

"Mimi nilimtakia mtoto heri," akasema Suleimani, na simu akaitoa.

Shadya akabaki kwa mama yake. Eda ilipokwisha tukaenda Mahakama ya Mwanzo, Asmahani akateuliwa yeye kusimamia mirathi. Watu wakaniambia, haya, mmeshinda, sasa tulia.

Tumeshinda nini? Kabla ya kikao Suleimani alikuwa ameshaituma ile sauti kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Ya dada yangu peke yake, ile ya hasira. Ya Rahimu hakuituma. Nimewapigia mmoja mmoja wafute. Wanasema wamefuta, wengine wanacheka, na mimi nitajuaje?

Mtoto mwenzie wa ukoo akamsikilizisha Shadya ile sauti kwenye simu ya nyumbani kwao. Shadya akarudi akamkuta mama yake kwenye cherehani. "Mama, ulitaka kuniacha kwa sababu nilikuwa naumwa?"

Asmahani akaacha kushona. Akampakata, akamsikilizisha sauti ya baba yake tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umesikia? Baba anasema siwezi kukuacha."

"Nimesikia," akasema Shadya. "Lakini ulisema."

Wiki iliyopita nilikwenda kuwaona. Asmahani alikuwa anashona, Shadya amelala chumbani, kajifunika shuka gubigubi, mchana wa jua kali. Nikamgusa paji la uso, linaunguza. Meno yanagongana na ameyabana ili yasisikike. Nikageuka nimwite mama yake, akanishika mkono.

"Usimwambie, mama mdogo. Atachoka."