Siku Tuliyokatazwa Kumsukuma Dada

Dada yangu mkubwa hajawahi kufika Italia. Nchi ya nje anayoijua ni Uganda peke yake, tena ile Uganda ya karibu, ambayo ukisimama hapa Busia mpakani, tunakofanyia biashara, unawasikia wenyewe wakiitana kwa mluzi. Lakini ukitaka kupoteza siku nzima, muulize habari za wanamichezo wa Kiitaliano. Wanaume wa stendi, ambao wanajua mpira wa Uingereza tu, walishakoma kubishana naye.

Ugonjwa huo wa Waitaliano aliupata utotoni. Polio ilimchukua miguu kabla hajaanza shule, na Mama akawa anambeba mgongoni kutoka nyumbani Chakol hadi kwenye kituo cha masista, ambako mtawa mmoja Mwitaliano alikuwa akimnyoosha miguu. Mazoezi yale yalikuwa yanauma kwelikweli. Ili mtoto asipige kelele, mtawa alimsimulia habari za watu wa kwao waliokimbia, waliorusha ngumi na walioendesha baiskeli. Nilipozaliwa mimi, dada alikuwa ameshazijua zote kwa kichwa, na badala ya kuimbiwa nilale nikawa nasimuliwa Waitaliano.

Kulikuwa na mwanamke aliyejiandikisha kwenye mashindano ya baiskeli ya wanaume, ya kuzunguka nchi nzima. Usukani ukavunjika njiani, akaufunga kwa mpini wa ufagio, akaendelea. Kulikuwa na mahasimu wawili waliopeana chupa ya maji mlimani, wakapigwa picha, na hadi leo nchi nzima inagombana ni nani aliyempa mwenzake. Dada ana jibu lake kuhusu hiyo chupa na hataki kusikia lingine.

Lakini aliyemkaa moyoni ni yule mkimbiaji wa zamani, mwoka keki mfupi mwenye masharubu, aliyekwenda London kukimbia mbio ndefu. Aliingia uwanjani akiwa wa kwanza, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Waamuzi wakamwonea huruma, wakamshika, wakamvusha utepe. Kwa sababu ya mikono ile akanyang'anywa ushindi. Watu wengi wakisikia hadithi hiyo wanawalaani walioandika ile sheria. Dada anawalaani wale waliomshika.

"Wangemwacha," huwa anasema. "Hata kama angetambaa, wangemwacha."

Sikuwa namwelewa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nakula kwa kusukuma. Dada anafanya biashara kwa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, yenye sanduku kubwa chini ya kiti na nyuma yake. Anavusha sabuni na mafuta ya kupikia kwenda, anarudi na trei za mayai. Mzigo ukiwa mzito mikono peke yake haiwezi, kwa hiyo kila baiskeli ya namna hiyo pale mpakani ina msukumaji wake, na wa dada nilikuwa mimi, miaka mingi kabla sijafungua kibanda changu cha viatu vya mitumba. Hata baada ya mimi kuacha, hakukosa watu. Huku kwetu kusukuma ni adabu. Mtu akiona baiskeli ya mikono inapanda, anaweka mkono nyuma ya kiti bila kuuliza, awe mwanafunzi, awe karani mwenye tai, awe Mganda aliyekuja kununua nyanya. Anasukuma hadi juu, anapangusa mikono, anaenda zake. Ukipita bila kugusa, utaonekana huna malezi.

Kisha simu zenye mtandao zikafika, na dada akawaona watu wake kwa macho. Akamwona yule msichana asiye na mikono wala miguu anayepigana kwa upanga uliofungwa kwenye kigutu. Akawaona wale warukaji wawili, Mwitaliano na rafiki yake wa nchi nyingine, wakikubali kugawana dhahabu badala ya kushindana zaidi. Siku moja akamwona yule aliyekuwa dereva wa magari ya mbio, akakatika miguu yote miwili katika ajali, kisha akarudi mashindanoni kwa baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono. Alivuka mstari peke yake, akakaa chini, akaiinua baiskeli juu kwa mikono yake miwili.

Dada aliiangalia video hiyo mpaka bando ikaisha, kisha akaniomba yangu.

"Mimi nimesukumwa kila mahali nilipowahi kwenda," akaniambia. "Ule mlima wa kanisani kwetu Chakol, sijui kama ninauweza au siuwezi. Nina umri huu wote na sijui."

Nilimpa bando.

Kwa hiyo vijana wa parokia walipotangaza mashindano ya baiskeli, kuanzia soko la Adungosi hadi uwanja wa kanisa la Chakol, na wakasema safari hii hata baiskeli za mikono zitashindana, dada alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Akamwita mwenyekiti wa vijana, kijana mpole mwenye filimbi shingoni.

"Muweke sheria," akamwambia. "Mtu akisukumwa, hata kidogo, ametoka."

"Lakini mama, watu wetu unawajua. Hawawezi kukuona unapanda wakakaa hivi hivi."

"Ndiyo maana nataka sheria."

Mwenyekiti akaiweka. Kazi ya kuilinda nikapewa mimi, kwa kuwa, kama dada alivyosema, katika ukoo wetu hakuna mwenye mdomo mchafu kunizidi. Siku yenyewe nikapanda boda boda, nikakaa nimegeukia nyuma, nikiwa na kipaza sauti cha kanisa, nikawa natangulia mbele ya dada nikipiga kelele: "Msisukume. Wewe mzee, rudi. Mama wa mwavuli, nimekuona."

Walijipanga wanne wa baiskeli za mikono. Wa Malaba, mcheshi anayejulikana na kila dereva wa lori, hakumaliza hata soko. Wateja wake walimzingira kwa mapenzi, wakamsukuma wakiimba, na mwenyekiti akapuliza filimbi. Wala hakukasirika. Aliagiza soda, akaendelea kusukumwa hadi Chakol akipunga mkono kama mbunge. Wa Matayos alitolewa na mwendesha boda aliyemwekea mguu nyuma ya kiti kwa mazoea tu, huku akiongea na simu. Wakabaki wawili, dada na kijana mmoja wa Busia mwenye mabega mapana, ambaye alishatuacha mbali.

Kwenye lami tulikwenda vizuri. Malori ya kuelekea Malaba yalipunguza mwendo, madereva wakachungulia. Mimi niligombana na nusu ya jimbo. Mama mmoja mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka alishuka kwenye boda yake kabisa, akaja na mikono imeshatangulia.

"Bambi, maskini nnyabo, huyu mama amechoka. Niache nimsaidie kidogo tu."

"Ukimgusa umemuua."

"Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake."

"Na unamwangalia hivyo? Nyinyi Wakenya hamna roho."

Nilimwambia roho ninayo na mkono pia ninao, tena wa kupiga. Dada, jasho linamtiririka, alicheka mpaka akapoteza mwendo. Cheni ikachomoka baada ya hapo, akairudisha mwenyewe, mikono ikajaa grisi, akajipangusa usoni na kuwa mweusi nusu. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa naumia. Viganja vilikuwa vinaniwasha. Miaka yote ile vilizoea kuwa nyuma ya kile kiti, na sasa vilishika kipaza sauti kama vimeibiwa kitu.

Tukaingia njia ya vumbi ya kanisani, na mlima ukaanza. Si mlima wa kutisha, watu wanaupanda wakiwa na debe la maji kichwani. Kwa mikono ni jambo jingine. Kijana wa Busia alikuwa ameshafika, tulisikia wakimshangilia. Dada akapanda robo, akapanda nusu. Halafu magurudumu yakaanza kukwama kwenye changarawe, na kila mzunguko wa pedali ukawa unasogeza baiskeli upana wa kiganja. Niliwaona watu pembeni mwa njia wameweka mikono mifukoni kwa nguvu.

Mama alikuwa amekaa juu pamoja na wamama wa kanisa. Hakuna aliyemwona alipoinuka. Niliporudisha macho kwa dada, Mama alikuwa ameshashuka kwa upande, na mikono yake miwili iko nyuma ya kiti, anasukuma.

Ningemkemea mtu yeyote. Mama sikuweza, nikakishusha kipaza sauti.

Dada akakaza breki. Baiskeli ikasimama papo hapo.

"Mama, toa mikono."

"Nimekubeba mgongoni njia hii hii, mvua na jua. Leo nikae nikuangalie ukiteseka?"

"Siteseki, Mama. Ninapanda."

"Unapanda gani? Umesimama."

Mwenyekiti alikuja polepole, filimbi mkononi. Ilimchukua muda kuipuliza, na alipoipuliza ilitoa sauti ndogo sana. Mama akaangalia filimbi, akaangalia mikono yake, ndipo akaelewa alichofanya. Akaiondoa nyuma ya kiti.

"Nimesikia," dada akamwambia mwenyekiti. "Andika nimetoka. Sheria ni yangu. Sasa mnipishe."

Tulidhani anataka kugeuza arudi nyumbani. Akaachia breki kidogo kidogo, baiskeli ikaanza kurudi kinyumenyume. Akairudisha hivyo, anageuza shingo kutazama nyuma, watu wanaruka pembeni, hadi pale chini kabisa ambapo mlima unaanzia. Mtu mmoja akauliza huyu amekasirika au vipi. Hakuwa amekasirika. Alijifunga kitambaa upya, akatemea viganja, akashika pedali.

Nikashuka kwenye boda, nikamshika Mama mkono, nikampandisha hadi juu kwenye lango la uwanja, nikamsimamisha mbele yangu. Nilitaka tuwe mbali, ili mikono yetu isipate pa kufika. Alikuwa analia na kunitukana kwa Kiteso, kwamba nimezaliwa na moyo wa jiwe na kwamba hata shangazi yangu alikuwa hivyo hivyo. Nikamwacha anitukane.

Dada akaja. Alipanda, akapumzika amekaza breki, akapanda tena. Pale pa changarawe alikaa muda mrefu, akitafuta upande wa njia wenye udongo mgumu kwa gurudumu la mbele, kushoto, kulia, akaupata. Hakuna aliyepiga makofi. Nadhani waliogopa hata upepo wa makofi ungehesabiwa. Alikuwa ameshatoka mashindanoni, na bado watu wazima walikuwa wamesimama wamejishika mikono nyuma ya migongo yao.

Matusi ya Mama yakakatika katikati. Alikuwa amekaza macho kwa dada, na nilipofuata macho yake nami nikaona. Dada alikuwa ametoa ulimi, pembeni mwa mdomo, ameung'ata kidogo, mashavu yamevimba, jicho moja amelifumba. Sikuwa nimewahi kuiona sura ile; hata kwenye boda macho yangu yalikuwa kwa watu wenye mikono ya kusukuma. Nilimsukuma dada yangu nusu ya maisha yangu, na kichogo chake nakijua kuliko changu mwenyewe, lakini uso wake akiwa anapanda sikuwa naujua.

Akapita kwenye lango. Wakapiga kelele wote pamoja, filimbi ikapulizwa kwa nguvu zote, ng'ombe wa jirani wakakimbia. Dada akakaza breki mbele yetu, kifua kinapanda na kushuka, grisi usoni. Mimi nilikuwa nalia, Mama anacheka huku machozi hayajamkauka.

"Mama, unacheka nini?" dada akauliza.

Mama akamfuta uso kwa pindo la kitenge chake, akalirudisha pindo, akamfuta tena mahali palipokuwa pameshakuwa safi.

"Ulimi wako," akasema. "Ulikuwa unautoa hivyo ulipojifunza kutambaa. Mimi nilifikiri uliacha."