Aliyeuomba Mpira Laela

Nakumbuka Ijumaa moja ya msimu wa kununua mahindi, mwanangu, nilipoulizwa swali fupi nami nikalijibu kwa kifupi, na kwa jibu lile kijana mwenzangu akafungiwa mlango aliokuwa ameusubiri mwaka mzima. Sikumsingizia wala sikusema uongo. Ndiyo maana nakusimulia, kwa sababu juu ya uongo umekwisha kuonywa vya kutosha.

Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Mahindi ya Ufipa, ambayo zamani tuliyapeleka chama cha ushirika tukakaa kusubiri, sasa aliyanunua yeyote mwenye lori na mizani. Mmoja wa wanunuzi hao tulimwita Mzee Salum. Alitoka Mbeya, akapanga ghala Sumbawanga mjini, na kwa kuwa alipenda mpira akaichukua timu yetu kama yake. Alitupa jezi, na siku za mechi za ugenini alitupa lori. Mwaka huo akatangaza kwamba baada ya mechi ya ugenini kule Laela angemchukua kiungo mmoja akachezee timu ya rafiki yake Mbeya, apewe chumba na kazi kwenye mashine ya kusaga. Mmoja tu.

Viungo tulikuwa nao wawili. Deo alikuwa wa mtaani kwetu Kasense, mtulivu, msafi, asiyekosea. Masanja alikuwa mtoto wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakakaa nje kidogo ya Mpui. Yeye ndiye aliyekuwa nyota. Akiwa na nafasi, pasi yake ilifika kama mtu anayekukabidhi kikombe cha uji wa moto, taratibu mpaka mkononi. Watu walikuja uwanjani kumwangalia yeye. Lakini baba yake alikuwa ameamua kushusha ng'ombe bonde la Rukwa baada ya mavuno, na alikwisha kumwambia mwanawe: ukichukuliwa Mbeya, nenda na baraka zangu; usipochukuliwa, shika fimbo tushuke wote.

Mimi nilikuwa katibu wa timu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nilisoma kila karatasi iliyopita mkononi mwangu, hata gazeti lililofungiwa sukari. Katika kusoma huko nilipata kijitabu cha kufundisha mpira kisicho na jalada, na humo nikaokota jambo moja: mchezaji hapimwi akiwa huru, hupimwa akibanwa. Nikalipenda sana. Nikachora mistari kwenye daftari, na kila adui alipomkaribia mchezaji wetu mwenye mpira hatua mbili hivi, niliweka alama: ameutunza au ameupoteza. Nilifanya hivyo mechi baada ya mechi, kwenye upepo na vumbi, huku wenzangu wakishangilia. Daftari likasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akibanwa, Masanja alipoteza mpira kuliko wote. Deo alipoteza kwa nadra sana.

Basi Ijumaa ile Mzee Salum aliniita ghalani. Alikuwa amekaa juu ya magunia, anatafuna hindi la kuchoma.

"Katibu, wewe ndiye mwenye maandishi. Huyu Masanja nimemwona, anajua. Mbeya kule watu wanakaba mpaka nafsi. Akibanwa je?"

"Akibanwa anapoteza, Mzee."

"Una hakika?"

Nikamfungulia daftari. Akapitisha kidole kwenye alama zangu, akaguna. Jioni ile ile Mwalimu Oswald, kocha wetu, akaambiwa kwamba Laela aanze Deo, Masanja akae benchi.

Mwanangu, sikuwa na chuki na Masanja, wala Deo hakuwahi kunipa hata kipande cha muwa. Ningekuwa na chuki, labda ningejishuku. Nililala usingizi mzuri nikijiona mtu wa haki.

Jumapili tulipanda lori asubuhi, baridi ya Ufipa ikitukata masikio. Tulipofika Mpui akapanda baba yake Masanja, mzee mrefu mwenye blanketi na fimbo, aliyetaka kuona kwa macho yake huo mpira unaomnyima mchungaji. Vijana wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo mzee," naye akaitikia marahaba akiwatazama mmoja mmoja kama anayekagua mifugo mnadani. Masanja, aliyekuwa amelala mjini usiku ule, alikuwa amesimama amekamata bomba la lori, akinitazama. Alikwisha kusikia.

"Katibu," akaniita mbele ya lori zima. "Umeandika nini juu yangu?"

"Nimeandika nilichokiona."

"Umeona nini?"

"Ukibanwa unapoteza."

Mmoja akacheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Masanja akatikisa kichwa polepole. "Kweli napoteza," akasema. "Lakini mshikaji, ungeniuliza kwa nini." Akageuka kutazama mashamba.

Uwanja wa Laela ulikuwa kando ya barabara, na siku ile soko lote lilihamia uwanjani. Wanunuzi waliacha mizani, abiria wa basi la Tunduma walishuka wakasahau safari. Nilipokaa kwenye kibao changu na daftari magotini, mama mmoja muuza maandazi akanipigia kelele, "We katibu wa Sumbawanga! Radi yenu ya uchawi mmeiacha nyumbani au imo humo kwenye daftari?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Upande wa pili wa uwanja niliona lori jingine la Mzee Salum likipakiwa mahindi. Alikuwa amesema wazi kwamba lori likijaa anaondoka, kwa sababu kuna wateja wanamsubiri Tunduma.

Mpira ukaanza, na Laela wakatubana tangu dakika ya kwanza. Nikashika kalamu tayari kuandika, lakini nikakosa cha kuandika. Beki wetu akipata mpira na kumwona adui anakuja, alibutua. Winga akiukaribia, aliuacha utoke. Deo alikuwa pale pale katikati, safi kama kawaida yake, lakini mtu wetu akipata shida Deo alisogea nyuma ya mgongo wa adui, mahali ambapo pasi haimfikii. Hakufanya kwa hila, nadhani hata mwenyewe hakujijua. Mtu hukwepa moto kabla hajafikiri kwamba ni moto. Mpira ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi, na kila uliporudi ulitukuta tumechoka zaidi. Kabla ya mapumziko Laela wakafunga.

Nikatazama ukurasa wangu, mwanangu. Ulikuwa safi. Hapakuwa na hata mmoja aliyepoteza mpira akiwa amebanwa, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja aliyekubali kubanwa akiwa nao. Timu ilikuwa inakufa mbele ya macho yangu na maandishi yangu yalikuwa yanaisifu. Hapo ndipo nilipoanza kukumbuka nilichokuwa nakiona kila wiki bila kukiandika. Beki akizingirwa, alimtafuta Masanja. Winga akikwama kwenye kona, alimtafuta Masanja. Na Masanja alikuja, akanyoosha mkono, akaita, "Lete!" Mipira yote mibaya ya timu nzima alipewa yeye, iliyokwisha kuharibiwa na wengine, nami nikamwandikia yeye hasara. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliuona mwepesi kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kibao.

Filimbi ya mapumziko ilipolia nilikimbia. Mwalimu Oswald alikuwa akigawa maji, na Mzee Salum amesimama karibu naye.

"Mwalimu, nilikosea."

"Ulikosea kuhesabu?"

"Kuhesabu nilihesabu sawa. Nilikosea nilichohesabu. Mwingize Masanja." Nikaeleza mbele ya wachezaji wote, maneno yakinigongana. Deo aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli, mimi nilikuwa najificha." Maneno yale nayaheshimu mpaka leo.

Mzee Salum hakupendezwa. "Kijana, wewe ni mizani gani? Ijumaa inasoma hivi, Jumapili inasoma vile. Mimi mizani ya namna hiyo naitupa."

"Tazama kipindi hiki tu, Mzee. Nakuomba."

Akatazama lori lake. Vijana walikuwa bado wanapakia. "Dakika chache," akasema.

Masanja akaingia. Hakunitazama. Mara ya kwanza beki wetu alipozingirwa nikaisikia sauti niliyoizoea: "Lete!" Akapewa, Laela wawili wakamvamia, akageuka, mguu ukateleza kwenye vumbi, mpira ukachukuliwa. Pasi moja, shuti moja, bao la pili.

Uwanja ukalipuka. Muuza maandazi alikuwa anacheza na beseni lake kichwani. Mzee Salum alinigeukia, akainua nyusi, akavuka uwanja nyuma ya goli kuelekea kwenye lori lake. Masanja alimwona. Nina hakika alimwona, kwa sababu alisimama mikono kiunoni akamfuata kwa macho mpaka mlango wa lori ukafungwa. Alijua mlango ule ulifunga nini.

Hapa, mwanangu, ndipo nilipopata jibu la swali la Ijumaa, na mwuliza swali hakuwepo tena kulisikia. Wanaume wengi wangeanza kujificha kama wengine. Mpira uliofuata ukamfikia beki wetu, adui watatu wakamjia, na Masanja akashuka mpaka kwenye boksi letu, akanyoosha mkono. "Lete!" Beki alisita. "Lete, mimi nipo!" Akapewa, akasukumwa, akautunza, akampa winga. Akapoteza mwingine. Akauomba mwingine. Taratibu wenzake wakaanza kuinua vichwa, kwa sababu mtu akijua kuna wa kumpokea mzigo haogopi kuushika. Tukapata bao moja, vumbi la lori likiwa bado linaonekana barabarani. Mwishoni kabisa Deo, ambaye Mwalimu alikuwa amemsogeza pembeni, aliomba mpira mwenyewe katikati ya watu wawili, akampa Masanja, Masanja akampitishia mshambuliaji, na mambo yakawa mbili kwa mbili. Vijana wetu walishangilia kama waliochukua kombe. Mimi nilikaa na kalamu mkononi.

Baba yake Masanja alikuwa kwenye nyasi hatua chache kutoka kwangu. Akaniita kwa fimbo.

"Wewe ndiye uliyemwandika mwanangu?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

"Umewahi kuvusha ng'ombe mtoni?"

"Hapana, mzee."

"Kundi likifika kwenye matope linasimama. Huwa yupo mmoja anayetangulia. Huyo ndiye anayenasa, huyo ndiye anayechafuka, na wengine wanapita pale alipopakanyaga. Sasa mjinga akisimama ng'ambo atasema, yule ng'ombe mchafu ndiye mbovu, tumuuze." Akanielekezea fimbo. "Wewe ulihesabu matope, kijana. Hukuhesabu nani alitangulia."

Hakunipigia kelele. Angenipigia ningepata cha kujitetea.

Jumatano Mzee Salum aliporudi mjini nilikwenda ghalani kabla hajanywa chai. Nikamweleza yote, na jinsi mechi ilivyoisha. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema amekwisha kumpelekea rafiki yake jina la Deo, na kwamba katika biashara neno la pili halifuti la kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki. Deo alikwenda Mbeya, akacheza vizuri kwa kadiri yake, nami sina neno baya juu yake.

Masanja nilimfuata Mpui wiki ya kuondoka kwao. Alikuwa anafunga vyombo juu ya punda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema moja tu: "Nimekuharibia." Akakaza kamba, akajaribu fundo, akasema, "Umeniharibia, ndiyo." Kisha akanipiga begani. "Lakini ulisimama mapumziko ukasema mbele ya watu. Wengine hawasemi. Haya shika kamba huku, usinitazame tu." Nikashika. Tukafunga mizigo mpaka jua likawa kali, kisha wakashuka bondeni. Sijamwona tena.

Sasa sikia, mwanangu. Utaombwa ushahidi juu ya watu mara nyingi kuliko unavyodhani, na mara nyingi utaombwa na mtu mwenye haraka. Kabla hujasema fulani anakosea sana, uliza anabebeshwa nini, na nani anambebesha, na wale wasiokosea wamesimama wapi. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe, na anayeomba kazi ngumu ndiye atakayeonekana kushindwa. Mwulize mwenyewe kwa nini. Masanja angenijibu kwa sentensi moja nami sikumpa nafasi. Na ukigundua umekosea, simama pale pale ulipolisemea neno, mbele ya wale wale, hata kama haliwezi tena kuokoa kitu. Mimi halikuokoa safari yake, lakini liliniacha niweze kumtazama usoni tulipokuwa tunafunga mizigo.

Mungu wa baba zetu akupe moyo wa kusema "Lete!" pale wenzako wanapojificha. Akuinue kila utakapoteleza. Na siku utakapobanwa wewe, akujalie shahidi mwenye haki kuliko nilivyokuwa mimi. Nenda na amani.