Miezi Miwili na Nusu ya Ryakunin

Kuria wa Rågsved, kule Uswidi, alikuwa mlinzi wa makumbusho kwa miaka kumi na mmoja, na vitu vya ndani ya vioo alivijua kuliko alivyowajua majirani zake. Alitaka kuwa mwongozaji wa wageni. Aliomba mara mbili, akanyimwa mara mbili. Mkewe, Nora, huipa miaka majina kwa yaliyowapata, kama alivyofanya shosho, nyanya yake Kuria, kule Nyeri, na kwenye kalenda ya jikoni aliandika Mwaka wa Kunyimwa, kisha Mwaka wa Kunyimwa Tena. Ulikuwa utani, lakini ulimchoma.

Jumamosi asubuhi akajaribiwa mara ya tatu, mbele ya wastaafu kumi na wawili na Birgitta, mkuu wa waongozaji. Aliwafikisha kwenye waraka wa kasri la Japani, ulioandikwa enzi ya Ryakunin, mwaka 1238. Enzi yenyewe ilidumu miezi miwili na nusu tu.

"Walipatwa na nini hata wakaiita hivyo?" bibi mmoja aliuliza.

"Msiba," Kuria akajibu bila wasiwasi. "Enzi huitwa kwa kilichowapata watu."

Birgitta akakohoa. "Hapana, Kuria. Walichagua maneno ya heri."

Kuria akaona aibu, na kazi akaiona inamponyoka. Angeweza kuzungusha maneno, ila hakuumbwa hivyo.

"Nimewapima kwa kibaba cha shosho wangu," alisema. "Kwetu mwaka huitwa njaa au nzige, baada ya kutupata. Hawa waliita walichotamani, kabla hakijaja. Ishara mbaya zilipotokea angani, wakabadilisha jina, wakatamani upya."

Wastaafu wakacheka, wakamsogelea. Birgitta hakucheka. Alisema jibu lingekuja kwa barua Jumatano.

Jioni Kuria alichukua kalamu ya Nora, akaandika juu ya kalenda: Mwaka wa Kuria Kuongoza.

Binti yao, Nala, akamkumbusha kwa Kiswidi kwamba barua haijafika.

"Ndiyo maana naandika leo."

"Na wakikataa?" Nora akauliza.

"Tutabadilisha jina, mama Nala. Tutatamani upya."

Nora akamnyang'anya kalamu. Kuria alidhani anafuta. Kumbe alikuwa anayapitia maneno yale herufi kwa herufi, akiyakoleza ili yasomeke hadi mlangoni.