Vigingi vya Bondeni

Hilaria alikuwa na hasira ambayo hata mume wake Eustaki aliiogopa, na Eustaki aliwahi kumfukuza fisi kwa mwiko.

Hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Miaka miwili nyuma, wakati wa kuhamia vijijini, watu wa vilimani, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Kasense, huko Ufipa, waliambiwa wabomoe nyumba, washuke bondeni, wakae pamoja kama binadamu. Utadhani huko juu walikuwa wanaishi kama sungura. Mpima viwanja akaja na kamba, akachomeka vigingi kwenye mstari mmoja ulionyooka, upendeze ukiangaliwa kutoka barabarani. Hilaria akamwambia, "Mwanangu, hapa tunachungia ng'ombe tu. Masika maji yanapita hapa." Akajibiwa kwamba ramani haionyeshi maji.

Sawa. Ramani haikuyaona maji, na maji nayo hayakuiona ramani.

Machi ya mwaka wa pili maji yalishuka mchana kweupe, watu wakiwa mashambani, na bahati yao ikaishia hapo. Kihenge cha ulezi kikaenda. Kuku wakaenda. Nyumba ikayeyuka kama sukari kwenye chai, na kitanda cha Eustaki kesho yake kikakutwa kimenasa kwenye mti, miguu juu. Ila kule mteremkoni, ntumba zao, yale matuta ya mviringo ambayo Mfipa hufukia majani ndani yake, hazikumeguka hata moja.

Siku ya tatu akaja Andwele, afisa kijana mwenyeji wa Mbeya, daftari kwapani, viatu vinang'aa. Shikamoo aliitoa vizuri, hilo Hilaria hakumnyima. Kisha akasoma taarifa yake: kijiji kimekumbwa na janga la asili, na hasara imekuwa kubwa kwa sababu wananchi walijenga nyumba hafifu.

"Hafifu," Hilaria akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Nyumba yangu ya mlimani ilisimama miaka kumi na tisa, mkaibomoa nyie. Ya huku imeanguka mwaka wa pili. Sasa fundi mbovu hapo nani?"

Andwele akafunika kalamu. Mahindi ya njano ya msaada yatakuja wiki ijayo, akasema, kwa kila kaya itakayoanza kujenga tena kwenye kigingi chake. Atakayejenga kwingine, jina linafutwa.

Chakula kilichobaki kwa Hilaria kilikuwa debe moja la ulezi, lililopona kwa sababu alikuwa amelihifadhi kwenye kibanda cha shambani cha mdogo wake, Silvana.

"Songa ugali, dada, mle wiki mbili," Silvana akamshauri.

"Halafu?"

"Halafu utajipanga kwenye vigingi kama wenzako."

Hilaria akauotesha ulezi wote uwe kimea, akausaga, akapika pombe.

"Mke wangu, njaa inatuua," Eustaki akalalamika, "na wewe unataka tufe tumelewa?"

Alikuwa anatania, maana alijua. Kule Ufipa, ukitaka watu wakulimie au wakujengee, unapika pombe unawaita. Na atakayekunywa, awe nani, lazima ashike kazi.

Siku pombe ilipoiva, watu thelathini walikuwa mlimani wanasimamisha nguzo. Lori la mahindi nalo likafika bondeni, likapokelewa na vigingi. Andwele akapanda kilima mwenyewe, jasho linamtiririka. Mzee Evaristi, mwenyekiti wa kijiji, udongo hadi magotini, akamkaribisha kwa kata moja ya pombe. Kijana kwa kiu ile akaimaliza bila kupumua. Watu wakageuka kumtazama.

"Kuna nini?" Andwele akauliza.

"Hamna kitu, afisa," Evaristi akasema, akimpa jembe. "Umeshakunywa. Udongo ule pale."

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Maskini Andwele akavua viatu, akakanda udongo karibu saa nzima. Alipomaliza akanawa, akafungua daftari.

"Mama Hilaria, kazi yako nimefanya, lakini amri ni amri. Nafuta jina."

"Futa. Ila andika na sababu."

"Sababu gani?"

"Andika Hilaria amenyimwa chakula kwa sababu amekataa kujenga maji yanapopita. Kisomo chenu cha watu wazima nimehudhuria, nitasoma mwenyewe."



"Na mimi nifute," Silvana akasema. "Sababu hiyo hiyo."

"Na mimi," akasema mwenyekiti. "Langu liandike kwa herufi kubwa."

Andwele akawaangalia, akaangalia bonde. Sauti ikashuka. "Nikiandika hivyo, mama, mimi kazi sina."

"Na mimi nikijenga kule, nyumba sina. Tofauti yetu, wewe hujazoea."

Hakuandika. Hakufuta pia. Akabeba viatu vyake mkononi, akateremka, na baada ya muda wakasikia lori linanguruma kuja juu, mpaka pale matairi yalipogoma. Magunia yakaanza kushushwa.

Hilaria hakwenda kushukuru. Alikuwa na ulezi wake kabla ya vigingi kuja, sasa asante ya nini? Aliwatuma wanaume wakabebe magunia, yeye akarudi kwenye udongo. Upande atakapolala Eustaki ulikuwa bado wazi, haujakandikwa, na wingu lilikuwa limeshatanda.