Sado za Mwalimu Romana

Miaka ile Manyara ilipokatwa kutoka Arusha ikawa mkoa, Babati ilijaa wageni kabla haijajaa nyumba. Watu wa ofisi mpya walipanga vyumba Bagara na Maisaka, watoto wao wakaletwa shuleni kwetu, na darasa la tatu la Mwalimu Romana likapita watoto mia. Vitabu vya hesabu vilikuwa vya kugombania. Romana hakulalamika. Alikwenda sokoni akaomba makopo.

Alikuwa binti wa wakulima wa Dareda, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo isiyofaa kabisa kwa kazi ya ualimu. Mumewe, Marseli, alikuwa fundi baiskeli karibu na stendi. Mimi nilifundisha chumba cha pili, na nasema wazi kwamba alinichosha. Wanafunzi wangu wakinakili ubaoni kimya, kwake yalisikika mahindi yakimiminwa kwenye debe. Watoto wake walipima kila kitu. Walipima mlango kwa kamba, maji kwa chupa za soda, na mahindi kwa sado, yale makopo ya rangi ambayo wafanyabiashara wetu hupimia nafaka. Ukuta kati yetu haukufika juu, kwa hiyo vumbi lake lilivuka likatua kwenye chai yangu.

Baadhi ya wazazi walichukia. Baba Jesse, bwana mmoja aliyehamia na ofisi za mkoa, alikuja kumwona mwalimu mkuu akiwa amenyoosha shati kwa pasi mpaka mikono. "Mimi sikumleta mtoto shule aje kupima mahindi," alisema. "Mahindi angepimia kwa bibi yake."

Mwalimu mkuu, Elimringi, alikuwa mtu mwema, ila watu wa ofisini walimtia baridi. Alimwita Romana mbele yetu sote, akamwambia mkaguzi anakuja Jumatano. Watoto wakishindwa vipimo, darasa atapewa mwingine na yeye ataandikiwa uhamisho. Romana alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mume mwenye kazi hapa hapa mjini. Uhamisho ungeweza kumtupa mahali ambapo gari hupita mara moja kwa wiki, likipenda.

Siku zile hakugusa chakula cha walimu. Nilimshauri afiche makopo, awakaririshe watoto majibu, mkaguzi akiuliza waitikie kwa pamoja. Ndivyo wengi tulivyokuwa tukiokoka.

"Wakikariri watajua Jumatano tu," alinijibu. Nilikasirika, na hasira yenyewe ilinikaa mpaka jioni.

Jumatano mkaguzi, Bwana Damasi, aliingia darasani kwake. Mimi na mwalimu mkuu tulisimama nyuma. Hakufungua daftari hata moja. Aliona debe na sado pembeni, akauliza, "Sado ngapi zinajaza debe?"

"Tano!" darasa zima likajibu.

"Nani atanionyesha?"

Katika mikono yote iliyonyooshwa akachagua wa Joyness, msichana mdogo ambaye mama yake hununua mahindi kwa wakulima na kuyauza sokoni. Joyness akachota. Alijaza sado mpaka mahindi yakapanda kilima, akakizuia kilima kwa kiganja kisimwagike, akamimina. Ya pili vile vile, ya tatu, ya nne. Debe likajaa pomoni.

Mwalimu mkuu akakohoa. Pamoja na vumbi lote lile, mimi sikutaka Romana aondoke.

"Mbona mmesema tano?" Bwana Damasi akauliza.

"Hii ni ya kununulia," Joyness akajibu bila wasiwasi. "Mama akinunua kwa wakulima anapima hivi. Akiuza anakata."

"Anakata vipi?"

Jesse, mtoto wa yule bwana wa shati, akanyanyuka bila kuitwa. Alimwaga debe, akajaza sado upya, akapitisha rula mdomoni mwa kopo mpaka kilima kikaanguka. Zikaingia tano, debe likajaa. Akasimama akilitazama, midomo ikichezacheza. "Kwa hiyo mkulima analipwa nne," akasema polepole, "na ametoa tano."

"Ndiyo maana baba akitoka sokoni anakuwa amenuna," akasema Leonard, mtoto wa mkulima wa kijiji cha Mutuka, kutoka dawati la nyuma.

Bwana Damasi alicheka mpaka akavua miwani. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba amekagua madarasa mengi, lakini hajaona watoto wa la tatu wakikokotoa hesabu ambayo hawakuulizwa. Darasa lisiguswe, alisema, wala mwalimu wake. Romana alitoka nje akaegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Nilimpelekea chai yangu mwenyewe. Nilifurahi kiasi cha kujishangaa.

Furaha yenyewe haikumaliza wiki mbili. Asubuhi moja tukamwona Mama Joyness anaingia getini, kanga kaifunga kiunoni, mwendo wa mtu mwenye neno. Romana akanishika mkono. "Limekwisha," akasema. "Nimemharibia biashara, na sasa anakwenda kwa mkuu."

"Hodi, walimu. Mwalimu wa Joyness ni yupi?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Ahaa, wewe! Wakulima siku hizi hawataki niwapimie mimi. Mtu anashusha gunia lake, anasema apime Joyness. Na mtoto anapima na rula!"

"Mama Joyness, naomba unisamehe, sikukusudia…"

"Ngoja, sijamaliza. Jumamosi wakulima wote walipanga foleni kwangu. Wenzangu walikaa wanapiga miayo." Alijaribu kubaki amekunja uso, akashindwa. "Sasa nina mdogo wake nyumbani. Nimekuja umwandike kwako."

Sauti ya Romana ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Mama, mimi nafundisha la tatu tu. Huyo inabidi aanze la kwanza."

"Basi usihame," Mama Joyness alisema, "mpaka afike."