Mama Alishika Nyanya, Mwanawe Akamchukua

Leo nimenyang'anywa mgonjwa na mwanawe wa kumzaa.

Mama huyu anauza nyanya Ilula. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kulia.

Sisi wa tiba kwa vitendo hapa hospitalini tunajua, na tafiti zinasema hivyo: mkono hujifunza upya kwa kazi uliyoizoea. Basi wiki tatu tumefanya mazoezi kwa nyanya.

Leo kashika moja, kaiweka kwenye ndoo bila kuiminya! Nikapiga vigelegele.

Mwanawe akaingia.

"Dada, mama anaumwa, wewe unamfanyisha kazi? Sisi tulifuata sindano."

Nikaeleza weee. Hakusikia. Akamfunika mkono kwa kitenge, wakaondoka.

Mlangoni mama akanigeukia: "Mwanangu, si nilikuwa nimeanza kuweza?"

Nyie mngemwambiaje?